Roboti ya mashindano ndani ya kipindi cha fizikia na kompyuta: mwongozo kwa mwalimu wa sekondari

Shule nyingi zikianza roboti huanza na klabu. Jumamosi asubuhi wanakutana wanafunzi wanane au kumi wenye alama nzuri, mwalimu mmoja mwenye moyo, na boksi la vifaa ambalo wiki nzima limefungwa kwa kufuli. Hao wanane wanakwenda kwenye mashindano, wanapiga picha, wanarudi. Darasani wenzao waliobaki wanaendelea kunakili kanuni za Newton ubaoni. Niliendesha klabu ya namna hiyo kwa miaka mitatu kabla sijatambua kwamba kifaa bora nilichokuwa nacho cha kufundishia mwendo, kani, umeme na programu nilikuwa nakificha kabatini.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu mwenzangu anayetaka roboti iingie kwenye ratiba, ndani ya vipindi vya kawaida, na iguswe na kila mwanafunzi. Naandika kwa kufikiria darasa kama langu: wanafunzi 56 wa kidato cha tatu, vikundi vinane vya watu saba saba, kompyuta chache, na umeme unaoweza kukatika katikati ya kipindi.

Anayekwambia mashindano ni mchezo wa kando, mweleze yalikotoka. Miaka ya 1970, katika chuo cha MIT kule Marekani, Woodie Flowers alikuwa akifundisha somo la usanifu wa mashine lililojulikana kwa namba yake, 2.70. Kila mwanafunzi alipewa mfuko wenye vikorokoro vilevile, akaambiwa atengeneze mashine ya kufanya kazi fulani, kisha mashine zikashindana mbele ya darasa zima. Baadaye Flowers akaungana na Dean Kamen, aliyeanzisha FIRST, shirika la mashindano ya roboti kwa vijana, mwaka 1989, na mwaka 1992 wakafanya mashindano yao ya kwanza ya shule za sekondari: timu 28 katika ukumbi wa michezo wa shule moja huko New Hampshire. Leo lipo shindano la FIRST Global, lililoanzia Washington mwaka 2017, ambalo hualika timu moja kwa kila nchi na kuipa kila timu seti ileile ya vifaa. Ule mfuko wa Flowers bado upo. Na kwa Flowers mashindano yalikuwa ndiyo somo lenyewe, si nyongeza ya baada ya somo.

HATUA YA KWANZA: Tunga shindano lako, kanuni zitoshe ukurasa mmoja

Usisubiri mwaliko wa shindano kubwa. Andaa la ndani ya shule, kikundi kwa kikundi, au mkondo A na mkondo B. Kanuni ziandike mwenyewe, ukiwa na silabasi mezani, ili kila jukumu la roboti liangukie kwenye mada unayotakiwa kuifundisha hata kama roboti isingekuwepo.

Shindano langu liko hivi. Uwanja ni bango la plastiki la matangazo lililokwisha kazi yake. Mengi ukiyageuza upande wa nyuma ni meupe. Juu yake nabandika tepu nyeusi ya umeme, ile ya upana wa karibu sentimita 2, iwe njia yenye kona mbili. Njia inapanda mlima wa ubao: kwa kila mita moja ya kitako, ubao unainuka sentimita 36, yaani karibu nyuzi 20. Juu pana sehemu bapa ya sentimita 40, kisha roboti inashuka, inaelekea kwenye ukuta wa boksi na kusimama sentimita 10 kabla ya kuugusa. Roboti isizidi sentimita 25 kila upande. Katika FIRST Tech Challenge kikomo cha kuanzia ni inchi 18, karibu sentimita 46, lakini kwa mota ndogo tunazotumia sisi ukubwa huo ni mzigo bure.

Shindano hilo la FIRST huipa roboti sekunde 30 za kujiendesha yenyewe, kisha dakika mbili za kuendeshwa na wanafunzi kwa rimoti. Mimi nimechukua ile sehemu ya kwanza tu. Mwanafunzi akishika rimoti, jicho lake na kidole chake vinafidia makosa yote ya hesabu na ya programu. Akiweka mikono nyuma, kila kosa linabaki wazi na linaweza kujadiliwa.

Alama nimezigawa hivi: kufika mwisho wa mstari, 20, kupanda mlima, 30, kusimama sentimita 10 kutoka ukutani, 30, na kila sentimita ya kukosea inapunguza alama 3. Alama 20 zilizobaki ndizo nazithamini kuliko zote. Kabla roboti haijawashwa, kikundi kinatangaza kwa sauti itatumia sekunde ngapi kumaliza njia. Kila nusu sekunde ya tofauti inaondoa alama 5. Kwa kanuni hiyo moja, kikundi kisichofanya hesabu hakishindi, hata kiwe na roboti nzuri namna gani.

HATUA YA PILI: Vifaa

Kila kikundi kinahitaji bodi moja ya Arduino Uno (kompyuta ndogo inayoiongoza roboti), mota mbili za njano zenye gia ndani (zile za 1:48), magurudumu mawili ya milimita 65, gurudumu dogo la kuzunguka la mbele, bodi ya kuendeshea mota ya L298N, vihisi viwili vya mwanga wa infraredi vya TCRT5000 vyenye pini ya analogi, kihisi kimoja cha mwangwi cha HC-SR04, na kishikio cha betri nne. Fremu itengenezwe shuleni kwa plaiwudi, kifuniko cha ndoo au plastiki ya dumu. Multimita mbili zinatosha darasa zima. Vitu hivi vinapatikana katika maduka ya vifaa vya elektroniki mijini, na mota za akiba unaweza kuzipata kwa fundi redio, ambaye pia nakushauri umwalike siku moja aje awaoneshe wanafunzi jinsi ya kulehemu waya kwenye mota. Ungio bovu la lehemu limewahi kunipotezea vipindi viwili vizima.

Zingatia mambo mawili kabla ya kipindi cha kwanza. Programu ya kuandikia ya Arduino ipakue mapema na uiweke kwenye flashi, maana siku ya somo intaneti inaweza kugoma. Na kama bodi zako si za Arduino wenyewe bali ni nakala za bei nafuu, nyingi hutumia chipu ya CH340 na kompyuta inaweza isizitambue mpaka uiwekee kiendeshi chake. Kiweke kwenye flashi hiyohiyo. Pale kompyuta zilipo haba, simu ya Android yenye waya wa OTG, ule wa kuunganisha simu na kifaa cha USB, nayo inaweza kupeleka programu kwenye bodi.

HATUA YA TATU: Gawa kazi, kisha zizungushe

Kila kikundi kina mafundi wawili, waandishi wa programu wawili, wapimaji wawili na mtunza daftari mmoja. Ukiwaachia wajigawie wenyewe, utaona jambo ambalo mimi liliniuma nilipoliona: wasichana wote wanakabidhiwa daftari kwa sababu eti wana mwandiko mzuri, na bisibisi inashikwa na mvulana yuleyule muhula mzima. Kwa hiyo kazi zizungushwe kila wiki kwa orodha iliyobandikwa ukutani, bila mjadala. Fundi wa wiki hii anakuwa mpimaji wiki ijayo.

Daftari la kikundi lina kurasa za aina moja tu: tunachotarajia, tulichopima, tofauti, tunadhani kwa nini. Roboti haiwashwi kabla mstari wa kwanza haujaandikwa. Kanuni hii isimamie kwa ukali, kwa sababu hamu ya kubonyeza swichi ni kubwa sana, na kila anayebonyeza kabla ya kukadiria anapoteza nafasi ya kujifunza ambayo haitarudi kwa namna ileile.

HATUA YA NNE: Fizikia kwanza, roboti ikiwa bado mezani

Hapa ndipo utumie muda mwingi. Mimi natumia vipindi pacha vitatu.

Anza na kasi. Gurudumu la milimita 65 likizunguka mara moja linatembea sentimita 20.4. Bandika kikaratasi kwenye gurudumu, inua roboti hewani, rekodi kwa simu, kisha hesabuni mizunguko. Yetu ilizunguka mara 150 kwa dakika, yaani mara 2.5 kwa sekunde, hivyo kasi inayotarajiwa ni sentimita 51 kwa sekunde. Iwekeni sakafuni mpime kwa saa na rula ya mita. Itakuwa pungufu. Usiwaambie sababu, waandike dhana zao na uziache ubaoni, kwa maana majaribio yanayofuata yatazijibu.

Jaribio la chupa ndilo wanafunzi wangu huliulizia hata wakiwa kidato cha nne. Bana mota kwenye ukingo wa meza. Funga uzi kwenye mzingo wa gurudumu, ning'iniza chupa ndogo ya plastiki, washa mota iivute juu. Ongeza maji kidogo kidogo, kila mara uwashe tena. Kuna wakati chupa inapanda kwa shida, gia zinalia, kisha inasimama hewani na mota inanguruma bila kuzunguka. Zima hapohapo, ndani ya sekunde mbili, la sivyo mota itaungua. Pima chupa na maji yake. Yetu ilisimamia gramu 240, sawa na nyutoni 2.4. Zidisha kwa nusu kipenyo cha gurudumu, mita 0.0325, unapata nyutoni-mita 0.078. Hiyo ndiyo nguvu ya juu kabisa ya kuzungusha ambayo mota ile inaweza kuitoa kwa betri ile.

Sasa mlima. Roboti yetu ina kilo 0.8. Kwenye nyuzi 20, sehemu ya uzito inayoivuta kurudi chini ni 0.8 × 10 × 0.34, yaani nyutoni 2.7. Kila gurudumu linabeba nusu, nyutoni 1.35, na kwa nusu kipenyo kilekile inahitajika nyutoni-mita 0.044. Linganisha na 0.078 ya chupa: mota itatumia asilimia 56 ya uwezo wake wote. Itapanda, lakini kwa kasi gani? Kasi ya mota ya aina hii hupungua karibu kwa mstari mnyoofu kadiri mzigo unavyoongezeka: bila mzigo ni sentimita 51 kwa sekunde, mzigo wa juu kabisa ni sifuri. Wachore grafu hiyo ya nukta mbili, wasome kwenye asilimia 56. Watapata karibu sentimita 22 kwa sekunde. Mwaka wa kwanza kufanya hivi, kikundi kimoja kilipima 20. Wanafunzi waliruka kwa furaha, na mimi pia, kwa sababu walikuwa wameijua kasi ya kitu ambacho hakijawahi kupanda mlima wowote.

Kupanda kunahitaji pia kutoteleza. Funga magurudumu yasizunguke, weka roboti kwenye ubao, inua upande mmoja taratibu mpaka ianze kuteleza, pima kimo na kitako, gawa. Jibu ndilo ile namba ya msuguano tunayoiandika kwa herufi ya Kigiriki mu, na huhitaji hata kipimapembe. Kama uzito wote ungekaa juu ya magurudumu yanayosukuma, mlima wetu ungedai 0.36 tu. Lakini gurudumu dogo la mbele likibeba theluthi ya uzito, yale yanayosukuma yanabaki na theluthi mbili, na sasa yanadai 0.54. Hapo mwanafunzi anaona mwenyewe kwa nini betri, ambayo ndiyo mzigo mkubwa, ikae moja kwa moja juu ya ekseli ya nyuma. Kupanguza vumbi kwenye mpira wa magurudumu kwa kitambaa kibichi nako kunabadilisha matokeo. Wapime kabla na baada.

Mwisho ni umeme, na hapa pana ugonjwa unaozisumbua roboti za wanaoanza kila mahali. Roboti inawashwa, mota zinashtuka, kisha kila kitu kinajizima na kuanza upya, tena na tena. Wanafunzi husema programu ina kosa na huikagua kipindi kizima. Wape multimita. Betri nne, mota zikiwa zimezimwa, zinasoma volti 6.0. Mota zikivuta ampea 0.6, zinasoma 5.4. Volti 0.6 zimeishia ndani ya betri zenyewe, na ukigawa kwa ampea 0.6 unapata ukinzani wa ndani wa omu 1. Mota mbili zikianza kwa pamoja huvuta ampea nyingi zaidi kwa kitambo kidogo, volti zinaporomoka, na Arduino inazimika kama mtu aliyepungukiwa damu kichwani. Kisha wapime volti zinazofika kwenye mota baada ya kupita L298N: karibu volti 2 zimekatwa njiani. Ile dhana iliyoachwa ubaoni kuhusu kasi pungufu inapata sehemu ya jibu lake. Dawa ya kujizima ni kuipa Arduino betri yake yenyewe, na kuunganisha waya za hasi za betri zote mbili pamoja, au kuandika programu inayoongeza kasi polepole badala ya kuanza kwa kishindo. Nawaachia wachague, kwa sharti la kueleza kwa nini.

HATUA YA TANO: Programu, kosa moja kwa wakati

Mwalimu wa kompyuta aingie hapa, na ikiwezekana mfundishe mkiwa wawili darasani. Taa iwake na kuzima, kipindi kimoja kinatosha. Kisha wape jukumu linaloonekana rahisi: roboti iende mita moja kamili kwa kuhesabu muda. Watahesabu vizuri, itafika. Irudieni baada ya nusu saa, betri zikiwa zimechoka, itaishia sentimita 85. Sasa wameelewa kwa nini roboti inahitaji macho; usiwape vihisi kabla ya hapo.

Kihisi cha infraredi kinaleta namba kati ya 0 na 1023. Kwetu darasani, juu ya bango jeupe tulisoma 120, juu ya tepu nyeusi 780. Mpaka tukauweka katikati, 450: chini yake ni weupe, juu yake ni weusi. Programu ya kwanza ni ya "kama" na "la sivyo": kihisi cha kushoto kikiona weusi, pinda kushoto; cha kulia kikiona, pinda kulia; la sivyo nyoosha. Itafuata mstari kwa kuyumbayumba.

Hatua inayofuata ni kuacha maamuzi ya ndiyo na hapana, na kuruhusu kosa lenyewe liamue ukubwa wa kupinda:

kosa = kushoto − kulia
mgeuko = K × kosa
mota ya kushoto = 140 − mgeuko
mota ya kulia = 140 + mgeuko

Mota zinapokea namba kati ya 0 na 255. Kosa kubwa kabisa kwetu ni 780 − 120, yaani 660, kwa hiyo K ikiwa 0.1 mgeuko ni 66, na mota ya nje inapata 206. Bado iko ndani ya uwezo. Jaribuni K ya 0.02, 0.05, 0.1, 0.15, pimeni muda wa kumaliza njia kwa kila moja, mara tano tano, chora grafu. K ndogo inatoka nje ya kona, K kubwa inatikisika mpaka inapoteza mstari, na mahali fulani katikati pana muda mfupi kuliko yote. Nahodha wa jahazi anajua jambo hili bila kuliandika: chombo kikianza kurudi kwenye mkondo wake, analegeza usukani kabla hakijafika, kisije kikapitiliza. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky alilifanyia hesabu jambo hilohilo alipochambua usukani wa meli unaojiendesha, na hesabu zake ndizo mzizi wa PID, mbinu ya kusahihisha kosa inayotumiwa na timu nyingi za roboti hadi leo. Kikundi kilichoiva kiongeze sehemu ya pili, inayoangalia kosa linabadilika kwa kasi gani. Vikundi vingine vinatosheka na K, na vinashinda.

Hapa nieleze siku iliyonifundisha mimi mwenyewe. Tulikuwa tumepeleka roboti yetu kwenye shindano moja la shule kadhaa. Darasani ilikuwa imefuata mstari mara kumi kati ya kumi, jioni, chini ya taa za dari. Pale ukumbini meza yetu ilikuwa karibu na dirisha, saa nne asubuhi, jua likiingia. Roboti ilitoka kwenye kisanduku cha kuanzia, ikanyoosha moja kwa moja, ikauvuka mstari kama haupo, ikaanguka mezani. Mara ya pili hivyohivyo. Vijana walikuwa tayari wanabadilisha K. Binti mmoja aliinama kuiangalia karibu, kivuli chake kikaifunika roboti, ikaanza kufuata mstari. Akasimama, ikapotea. "Mwalimu, nikiinama inaona. Nikisimama haioni."

Tukasoma namba. Jua lina infraredi tele, na kihisi hakijui kama mwanga umetoka kwenye taa yake au angani. Weusi uliokuwa 780 ulikuwa umeshuka hadi 390. Mpaka wetu ulikuwa 450. Kwa roboti, dunia nzima ilikuwa nyeupe. Tulikata karatasi ngumu ya boksi la biskuti, tukaizungushia vihisi kama sketi inayokaribia kugusa chini, tukasoma upya weupe na weusi palepale, na jaribio la tatu likafika ukutani.

Tangu siku hiyo programu zote za darasa langu huanza na sekunde tano za kujipima: mwanafunzi anaisogeza roboti kwa mkono juu ya weupe na weusi, programu inahifadhi namba ya chini na ya juu, na inaweka mpaka yenyewe. Ni mistari isiyozidi 15. Inafundisha kitanzi, ulinganishaji na uhifadhi wa thamani kuliko zoezi lolote la kutafuta namba kubwa kwenye orodha, ingawa ni zoezi lilelile.

Kusimama mbele ya ukuta ni kazi ya HC-SR04. Kinatuma sauti isiyosikika na Arduino inahesabu mikrosekunde mpaka mwangwi urudi. Mifano mingi ya intaneti hutumia kasi ya sauti ya mita 343 kwa sekunde, ambayo ni ya hewa yenye nyuzi 20 za Selsiasi. Darasa la pwani lenye nyuzi 30 lina kasi ya 331 + 0.6 × 30, yaani mita 349. Ukuta ulio sentimita 100 utasomeka 98.3. Waache waligundue wenyewe kwa rula, kisha ndipo uwape kanuni ya joto.

Lakini kwenye sentimita 10 kosa hilo ni milimita 2 tu. Kinachowagonga ukutani ni kingine: kihisi kinapumzika karibu milisekunde 60 kati ya kipimo na kipimo, na kwa kasi ya sentimita 40 kwa sekunde roboti imekwisha tembea sentimita 2.4 ikiwa haioni. Ongeza umbali wa kuteleza. Pimeni mteleko kwa kasi tatu tofauti; ukiongeza kasi mara mbili, mteleko unakaribia mara nne. Ni hesabu ileile ya breki za basi barabarani, na darasa linalotembea kando ya barabara kuu kila asubuhi halihitaji kuelezwa umuhimu wake.

HATUA YA SITA: Ratiba

Wiki nane zinatosha, kipindi pacha kimoja cha fizikia na kimoja cha kompyuta kila wiki, kati ya vile ulivyonavyo. Wiki ya kwanza kanuni na fremu, wiki ya pili hadi ya nne vipimo, wiki ya tatu hadi ya sita programu, ya saba mazoezi, ya nane shindano. Vipindi vinavyobaki endelea na silabasi kama kawaida. Umeme ukikatika, siku hiyo ni ya daftari: roboti ina betri zake, na hesabu hazihitaji kompyuta.

Wiki ya mazoezi kila kikundi kiendeshe roboti mara kumi bila kubadilisha chochote, na kuandika kila jukumu lilifaulu mara ngapi. Jukumu linalofaulu mara 8 kati ya 10 linaonekana zuri, lakini majukumu matatu ya namna hiyo kwa mfululizo ni 0.8 × 0.8 × 0.8, karibu nusu tu. Baada ya kuiona namba hiyo, vikundi huacha kuongeza mbwembwe na kuanza kukaza skrubu.

HATUA YA SABA: Siku ya shindano

Kila kikundi kina majaribio matatu ya sekunde 90, na bora ndilo linalohesabiwa. Kati ya jaribio na jaribio wanapewa dakika kumi. Waamuzi wawe wanafunzi wa kidato cha nne waliopitia mwaka uliopita. Ruhusu, tena himiza, kikundi kiazime kikundi kingine betri au waya. Kwenye FIRST utaratibu huu umejengwa tangu mwanzo, na Flowers aliusimamia kwa nguvu hadi alipofariki mwaka 2019. Waalike wazazi na mkuu wa shule, lakini wanafunzi ndio waeleze, si wewe.

HATUA YA NANE: Alama za somo

Ushindi usizidi alama 10 kati ya 100. Daftari lipewe 40, ukaribu wa makadirio na vipimo 20, na maelezo ya mdomo 30. Kwa maelezo ya mdomo mimi nachagua mwanafunzi yeyote wa kikundi bila kumtaarifu, nachomoa waya mmoja au nabadilisha namba moja kwenye programu, namwambia aniambie roboti itafanya nini kabla hajaiwasha. Alama anayopata ni ya kikundi kizima. Wiki mbili kabla ya siku hiyo utawakuta chini ya mwembe wanafundishana, waliojua wakiwahoji wasiojua, na hakuna zoezi la nyumbani ambalo limewahi kunipa hali hiyo.

HATUA YA TISA: Kufungua na kuhifadhi

Siku inayofuata shindano, roboti zote zifunguliwe na wanafunzi wenyewe. Mota zijaribiwe moja moja kwa chupa ileile ya maji, na namba ya gramu iandikwe kwa kalamu ya wino mzito juu ya plastiki ya kila mota. Kikundi cha mwakani kitajua kimepewa mota yenye nguvu au iliyochoka. Betri za kawaida zitolewe kwenye vishikio zisije zikavuja. Kama unatumia betri za lithiamu za 18650, zichajiwe mbele ya mtu mzima tu, zihifadhiwe zikiwa na chaji karibu nusu, kila moja kwenye kifuko chake cha plastiki ili ncha zisigusane, ndani ya kopo lililowekwa mbali na karatasi, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Madaftari manane yawekwe kabatini kwenye rafu ya juu, yasipewe wanafunzi wapya mpaka wawe wamekwisha kuandika makadirio yao ya kwanza.